Injini ya Kaka na Baridi ya Julai

Injini ya gari la kaka yangu ilikuwa ndogo kuliko mtungi wa pombe wa jirani yetu. Mtu akisema naongeza chumvi nitamwambia alete mtungi tupime, ila mtungi ulishapasuka na injini haipo tena, kwa hiyo itabidi aniamini.

Ilikuwa injini ya petroli, silinda nne zilizojipanga mstari mmoja, ujazo wake haufiki lita moja. Kaka alikuwa akitamka "sisi mia tisa na tisini", yaani cc 990 za ujazo, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutaja jina la mtoto wao wa kwanza. Bloku yake ilikuwa ya chuma cha kawaida, lakini kichwa cha silinda kilichokaa juu ya bloku kilikuwa cha aluminiamu, na katikati ya hivyo viwili ilibanwa gasketi nyembamba kama jalada la daftari. Gia zilikuwa nne. Kabureta moja. Oili ilikunywa lita tatu na kidogo, na kile kidogo ilikitema chini ya gari kila usiku, hata pale kaka alipoegesha nyasi zikaacha kuota. Muuzaji alituambia ina nguvu ya farasi hamsini. Mimi niliyeketi ndani yake tukipanda vilima vya upande wa Mapera na gunia la mahindi nyuma, nilihesabu farasi wawili na punda mgonjwa.

Kaka alilinunua miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia vijijini kwetu na mizani zao. Kabla ya hapo gari lilikuwa la misheni, la serikali, au la ushirika, na mtu wa kawaida aliligusa pale tu alipoombwa kulisukuma. Ghafla ikawa ruksa. Magari yaliyochoka kwa Wajapani yakaanza kuteremka kwetu, na kaka, mkulima wa kahawa asiyewahi kumiliki hata baiskeli yenye breki mbili, akaenda Songea kwa basi akarudi akiendesha. Siku hiyo watu walijaa uani mpaka kuku wakalala juu ya miti saa tisa mchana.

Mama yetu alilizunguka gari mara moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Lina homa," alisema.

"Si homa, mama," kaka akamjibu. "Ni injini. Ikifanya kazi inapata joto."

"Na baridi hii ya kwetu? Litaweza?"

Swali hilo alilifanya la kwake tangu siku ile. Mama hakuwa mzaliwa wa milimani. Alizaliwa ziwani, upande wa Mbaha, akaolewa na baba yetu Mmatengo akapanda naye huku juu kwa miguu, kitanda chake kikiwa kichwani mwa shemeji zake. Miaka yote aliyoishi kwetu hakuizoea Julai. Julai ya Umatengo si mchezo. Nimewahi kuona mtu akianza kupiga chafya Jumapili akaimalizia Jumatano. Mama alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, na kila ilipofika miezi ya baridi alikifunika kwa majani makavu mapema jioni, akipapasa mche mmoja mmoja. Alifunika kila kitu. Alifunika chungu, alifunika mbuzi aliyezaa, alitufunika sisi watu wazima wenye ndevu tukisinzia kwenye kiti. Gari likaongezeka katika watoto wake.

Sasa niseme magonjwa ya injini zile, maana nimeyasoma shule mbili: darasa la usiku nililohitimu nikiwa na mke tayari, ambako mwalimu alitufundisha kwa mwanga wa karabai kwamba joto hutanua metali, na kando ya barabara, ambako nilijionea metali yenyewe ikitanuka.

La kwanza ni uchafu wa kabureta. Petroli yetu haikutoka kwenye pampu, ilitoka kwenye dumu, na dumu hilo jana yake huenda lilibeba mafuta ya taa. Kaka aliichuja kwa kitambaa cheupe na bado vumbi lilipenya. La pili ni platini, vile vidude vinavyogusana na kuachana kuzipa plagi umeme. Zikiungua kidogo tu, gari linakohoa kama mzee wa tumbaku. Kaka alizisugua kwa msasa wa boksi la kiberiti, zikapona mpaka soko lijalo. La tatu ni feni belti, ambayo kwa dharura iliwahi kutengenezwa kwa ukanda wa suruali yangu, nikashuka garini nimeshika kiuno. La nne ni kipimo cha joto kwenye dashibodi. Cha kwetu kilikufa mwezi wa kwanza. Mshale ulilala kwenye "baridi" na haukuinuka tena, hata ungepikia wali juu ya injini.

La tano lililetwa na fundi. Alikuwa mtu wa pwani, fundi wa karakana ya serikali aliyepunguzwa kazini, akafungua gereji yake chini ya bati mbili pale Mbinga mjini. Mtu mwema na mcheshi. Siku alipobadilisha mpira wa maji alichomoa kidude cha duara chenye springi, akakiinua juu.

"Mzee, unakijua hiki? Temostati. Hiki ni cha nchi za barafu. Kinazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Afrika cha nini? Joto tunalo bure!"

Akakitupa. Mafundi wote walifanya hivyo enzi zile, Dar es Salaam mpaka Kigoma, na labda huko kwao hakikuharibu kitu. Lakini yule bwana alikuwa hajapitisha Julai hata moja kwetu. Baridi ilipoingia, injini ikawa haipati joto kabisa. Maji yalizunguka ya baridi, gari likawa linanung'unika, linazimika kila kona, linakunywa petroli kama harusi inavyokunywa chai. Kaka akaenda kwa fundi. Fundi, akiwa amevaa makoti mawili, akakuna kichwa.

"Kidude nimeshakitupa, mzee. Fanya hivi: ziba rejeta kidogo mbele. Weka gunia. Upepo usiingie wote."

Basi, hiyo ndiyo ikawa desturi. Asubuhi kaka alichukua kipande cha gunia la kahawa, akakichomeka mbele ya rejeta inayopoza maji, nyuma ya vile vyuma vya usoni mwa gari. Kwa safari za kwetu kwetu, kanisani, mnadani, mjini, injini ilikaa vizuri na joto lake. Na si sisi tu. Ilipofika Julai mjini Mbinga, magari madogo yote yalitembea na magunia usoni kama wagonjwa wa meno. Ila kwa safari ndefu yenye kupanda, au ya kwenda ziwani kwenye joto, gunia hutolewa, injini isichemke. Kaka alilijua hilo vizuri. Alilitoa kila mara, akalitundika kwenye ua.

Mama aliona gunia likiwekwa. Kwake lilikuwa jambo la akili kuliko yote tuliyomfanyia lile gari.

Mama alikuwa na dada mmoja tu, mama yetu mkubwa, aliyebaki ziwani. Walikuwa hawaonani mara nyingi. Barabara ilikuwa mbaya na magoti yao mabaya zaidi. Lakini mmoja akimtembelea mwenzake, bwana, hapakulalika. Walizungumza Kinyasa kuanzia mlangoni. Huku juu mama alizungumza Kimatengo na wakwe, Kiswahili sokoni na kanisani, na sisi tulimjibu kwa chochote kilichotujia mdomoni. Kinyasa chake alikitunza kwa ajili ya dada yake. Nilikuwa nikimsikia akicheka kicheko ambacho hakukitumia siku nyingine. Dada yake alimwita kwa jina la utoto ambalo sisi wanawe hatukuruhusiwa kulitamka.

Habari zilikuja Julai, na mwanamke mchuuzi wa dagaa aliyepanda na minibasi kutoka Mbamba Bay. Alitua ndoo yake uani kwetu kabla ya kwenda sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za ziwani?"

"Ziwani kwema kidogo." Akaitazama ndoo yake. "Dada yako anaumwa, mama. Hali chakula. Amesema nikukute nyumbani nikuambie kwa mdomo wangu, nisimtume mtu. Amesema, njoo nikuone."

Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha. "Amesema hivyo, 'njoo nikuone'?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hajawahi kuniita," mama akasema. "Tangu niolewe. Huwa anasema anakuja, au ananisubiri. Hajawahi kuniita."

Akaweka ungo chini. Jioni ile alimwambia kaka maneno machache tu: "Baba, gari lako linipeleke kwa dada yangu. Nimkute anaongea." Kaka akasema kesho kutwa asubuhi, siku moja ya kuliandaa gari. Akabadilisha oili, akasugua platini, akachuja petroli mara mbili. Mimi nilifunga mizigo: mahindi, maharage, mkungu wa ndizi, kuku wawili wazima. Kwetu huwezi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, na kwa kuwa safari hii tuna gari, kila jirani akaleta chake tumpelekee ndugu yake wa ziwani. Lile gari lilichuchumaa nyuma kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kukatwa kwa panga. Kaka alilitoa gunia, akalitundika kwenye ua, nilimwona kwa macho yangu. Kisha akaingia ndani kunywa chai, nami nikaingia nyuma yake maana chai haisubiri. Mama alishakunywa. Alibaki nje na kikapu chake, amevaa khanga mbili na sweta ya baba, marehemu.

Tukaondoka. Mama alikaa mbele, mimi nyuma na kuku miguuni.

"Umekaa vizuri huko nyuma?" kaka akaniuliza.

"Mimi sijakaa, kaka. Nimepakiwa."

Mama akacheka. Alikuwa na furaha asubuhi ile, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alikuwa na furaha. Tulipopita Mbinga mjini alianza kutueleza mambo ya utoto wao: walivyokuwa wakichota maji ziwani alfajiri, dada yake anamwagia maji makusudi, wanarudi wamelowa wote na mitungi nusu, wanachapwa. Alituambia samaki aina ya mbasa wa zamani walikuwa wakubwa mpaka mkia unaburuta chini mtu akimbeba begani, na nikajua chumvi yangu niliirithi wapi.

Barabara ya kwenda ziwani haiteremki moja kwa moja. Kwanza inapanda na kushuka, mgongo wa mlima mmoja baada ya mwingine, kandokando mashimo ya ngolo, yale ya kilimo chetu, yamepangwa kwenye miteremko na mabua ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Kwenye kila mteremko kaka alizima injini, akaweka gia kwenye fri, tukateleza kimya kimya kuokoa petroli. Madereva wote walifanya hivyo. Kwenye kila mpando aliiwasha tena. Hivyo injini ilikuwa inapata moto, inapumzika, inapata moto. Mshale wa kipimo ulilala kwenye "baridi" kwa amani yake.

Tukafika kilima cha mwisho, kile kirefu, ambacho ukikivuka unaanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay. Kaka akaweka gia ya kwanza. Gari likapanda, likapanda, likapunguza mwendo.

"Limechoka?" mama akauliza.

"Ni mzigo tu, mama."

Nikasikia harufu. Tamu, kama sukari inayoungua. Nikataka kusema, kabla sijasema injini ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga mlango kwa hasira. Mvuke ukatoka kwenye pembe za boneti. Kaka akasogea pembeni, akazima. Injini haikuzimika. Iliendelea kujizungusha yenyewe kwa joto, mara nne, tano, ikatikisika, ikanyamaza. Nimesikia vifo vingi vya magari. Kile kilikuwa na pumzi ya mwisho kabisa.

"Mama, shuka kwanza ukae kivulini," kaka akasema.

Mama akashuka na kikapu, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara. Kaka akafungua boneti, mvuke ukatupiga usoni. Ulipopungua akainama mbele kwenye rejeta. Akakaa ameinama hivyo kwa muda. Nikasogea.

Gunia lilikuwepo. Lilikuwa limekunjwa mara mbili, limechomekwa kwa ustadi pembe zote nne, hakuna tundu hata la kupita nzi. Na ili lisianguke njiani, lilifungwa juu kwa utepe uliochanwa kwenye khanga kuukuu ya mama.

Kaka aliniangalia. Kisha akatazama upande wa pili wa barabara, ambako mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anapanga upya kikapu chake. Akafungua fundo kwa vidole vinavyoungua, akalichomoa gunia, likiwa la moto na linatoa moshi, akalikunja dogo, akalitupa bondeni kwa mkono wa kushoto ili mwili wake umzuie mama kuona. Akaninyooshea kidole kimoja. Na mimi, ambaye nyumbani huniita redio ya mbao kwa kutozimika, nikafunga mdomo.

Alipovuta kijiti cha oili, ilitoka nyeupe. Maji yamechanganyika na oili, imekuwa kama chai ya maziwa. Maana yake gasketi imekwisha ungua, na kile kichwa cha aluminiamu kimepinda juu ya bloku ya chuma, maana aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma na mwisho hairudi kama ilivyokuwa. Darasa la usiku, somo la sayansi, nilipata alama nzuri. Barabarani pale hazikunisaidia kitu.

Mama akarudi. "Limekuwaje?"

"Gasketi, mama," kaka akasema. "Halitembei tena leo."

"Na dada yangu?"

Tukasimama. Minibasi ya asubuhi ilishapita kabla yetu. Tukangoja gari lolote la kushuka. Likaja lori, lakini linapanda kwenda Mbinga; dereva akatuonea huruma, akatupatia maji, akaondoka. Jua likapita katikati. Mama akavua sweta, akaifunga kiunoni.

"Nitashuka kwa miguu," alisema. "Nilipanda kwa miguu nikiolewa. Kushuka kutanishinda?"

"Mama, magoti," kaka akasema. "Giza litakukuta porini. Gari litakuja."

"Gari litakuja," mama akarudia, lakini hakukaa. Akaanza kupanda kilima polepole, mkono kwenye goti, hadi pale juu ambako ziwa linaonekana. Mimi nikamfuata kwa nyuma. Tulipofika juu akasimama. Ziwa lilikuwa chini kule, bluu, refu, upande wa pili milima ya watu wengine. Akanyoosha kidole kuelekea ufuo wa kwao, ambao ulifichwa na kilima kingine.

"Pale nyuma ya kile. Yupo pale. Ananingoja."

Nilijaribu kumchangamsha. Nilimwambia mama mkubwa ni mtu wa chuma, hata ugonjwa ukimwona unaomba radhi. Mama aliendelea kulitazama ziwa. Alisimama pale mpaka jua likaanza kumwingia machoni, na hakuna gari lililokuja.

Tulilala kijiji cha njiani, kwa watu waliotupokea bila kutujua. Asubuhi lori la maharage likatuchukua, mama mbele na dereva, sisi juu ya magunia. Tulipokaribia, niliwaona wanawake wamekaa chini nje ya nyumba ya mama mkubwa, miguu imenyooshwa, na mwanamume mmoja anaegemeza majembe ukutani. Nilitaka kupiga paa la lori dereva asimame, mama asione ghafla. Lakini alishaona. Aliteremka bila kushikwa mkono.

Yule mchuuzi wa dagaa alikuwa miongoni mwao. Ndiye aliyempokea.

"Jana mama, jua likiegemea. Alikuwa anaongea vizuri kabisa. Alijua unakuja na gari la mwanao. Kila aliposikia mlio wa injini alisema, nifungulieni mlango."

Mama alilia kwa Kinyasa. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba anaomba samahani. Akaingia ndani, wakamwacha peke yake na dada yake kwa muda, na tuliokuwa nje tulimsikia anaongea; ananyamaza kana kwamba anajibiwa, anaongea tena. Mchana tulizika. Watu wa ziwani walitufanyia heshima kubwa, wakamketisha mama mahali pa wafiwa wa kwanza. Wakati wa kurudi, mama alisimama mlangoni akaitazama ile nyumba, akasema kwa Kiswahili, ili sisi tusikie: "Sasa hakuna anayelijua jina langu."

Gari lilivutwa na trekta hadi Mbinga. Fundi alifungua kichwa cha silinda, akaweka rula juu yake, mwanga ukapita katikati kama dirishani. Kingeweza kusawazishwa Songea au Makambako, lakini kaka hakutaka. Alisema liuzwe vipande. Watu walishangaa, mtu na gari lake la kwanza. Fundi mwenyewe alimsihi: "Mzee, injini hizi hufa na kufufuka, ni kawaida yake." Kaka akatikisa kichwa.

Kaka yangu ni mtu asiyesema uongo. Siyo sifa ninayompa kwa kuwa ni ndugu. Wakati mwingine ilikuwa kero. Mnunuzi wa kahawa akimuuliza kama mzigo umekauka, alisema haujakauka, tukakaa nao wiki nyingine. Mimi nikisimulia jambo mbele ya watu, wote humgeukia yeye, naye hutoa kiwango kamili, hadithi yangu ikanywea. Mama alikuwa akisema ana wana wawili, mmoja wa kuchekesha na mmoja wa kuuliza.

Msimu wa kahawa ulikuwa umeshika. Tulikuwa tumekaa watatu kando ya kichanja, tunachambua buni, mbovu huku, nzuri huku. Mama alikuwa amepungua. Sweta ya baba ilimpwaya. Akaongea bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa.

"Baba, nikuulize kitu."

"Niulize, mama."

"Asubuhi ile nililikuta gunia kwenye ua. Nikadhani umelisahau, ukungu ule, baridi ile. Nikalirudisha mahali pake. Nikalikunja mara mbili, nikalifunga. Tangu turudi nawaza." Akatupa buni mbovu pembeni. "Ndilo lililoua gari?"

Nilirukia: "Gunia! Mama, injini ile hata ungeivika makoti kumi, hata ungeipeleka jehanamu ikae wiki..."

"Wewe nyamaza," mama akasema, bila hasira. "Wewe ukiulizwa saa unataja mwaka. Namuuliza mkubwa wako."

Kaka aliweka chini buni aliyoshika. Akapangusa mikono kwenye suruali, na akaanza mbali sana. Akamweleza kwamba injini ile ni ya sisi mia tisa na tisini, silinda nne, na kwamba bloku ni ya chuma na kichwa ni cha aluminiamu, metali mbili zisizotanuka sawa, na wote waliozinunua injini zile wanajua hapo ndipo zinapofia. Akasema gasketi ilikuwa ya zamani, imekuja nayo kutoka Japani. Akasema petroli ya dumu, mawe ya barabara, pampu ya maji iliyochoka. Akasema kipimo cha joto kilikuwa kibovu na yeye ndiye aliyekiacha kibovu. Akasema ule mzigo wote, mkungu, mahindi, na mimi mdogo wake ambaye peke yangu ni gunia mbili. Akamweleza kuhusu kuzima injini mteremkoni na kuiwasha mpandoni, jinsi inavyoichosha metali. Sijawahi kumsikia akiongea kirefu namna ile, si kabla, si baadaye. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mama alimsikiliza kama anavyosikilizwa padri.

"Na gunia?" aliuliza tena.

"Gunia halikuwepo, mama. Niliona umelirudisha, nikalitoa tena kabla hatujaondoka."

"Ulilitoa."

"Nililitoa."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, mama."

Mama alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, machoni, na kaka hakuyakwepesha. Mimi nilikuwa nimeinamia kahawa, nachambua nzuri na mbovu pamoja.

"Haya," mama akasema. "Basi ni injini."

"Ni injini, mama. Injini ndogo zile ndivyo zilivyo."

Akasukuma fungu alilomaliza upande wa kaka, akajivutia fungu jingine, akaanza kuchambua.